Ziwa Lililosikika Tanga: Namna ya Kusoma Ramani za Kale za Pwani Yetu

Ramani iliyochapishwa London mwaka 1856 na Royal Geographical Society inaonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika Mashariki. Linaanzia karibu na ikweta na kushuka kusini hadi nyuzi 13 au 14, zaidi ya kilomita 1,400, likiwa nene upande wa juu na lenye mkia uliopinda upande wa chini. Waingereza waliona umbo la konokono asiye na gamba, na jina hilo likaigandia ramani mpaka leo. Ziwa lenyewe halijapata kuwapo. Ila habari zilizolizaa zilikusanywa hapa Tanga, na karibu kila habari, ukiichukua peke yake, ilikuwa ya kweli.

Hapo ndipo ulipo utamu wa ramani za kale. Watu wengi huzitazama kama michoro ya wasiojua, wakacheka kidogo, wakaenda zao. Wanajinyima mengi. Kosa kwenye ramani lina chanzo, na chanzo hicho kinaweza kufuatwa hatua kwa hatua: nani aliulizwa, alikuwa amesimama wapi, alipima kwa kifaa gani, na mchoraji alipajazaje palipobaki wazi. Ukishajua chanzo cha kosa, ramani mbovu inakuambia mambo ambayo ramani sahihi haiwezi kukuambia.

Njia tatu, maji mamoja

Jakob Erhardt alikuwa mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, mwenzao Ludwig Krapf na Johannes Rebmann waliokuwa Rabai, karibu na Mombasa. Mwaka 1854 alikaa Tanga kwa miezi kadhaa. Tanga ya siku zile ilikuwa mji wa misafara: pembe zilishuka kutoka bara, nguo na shanga zilipanda. Mtu aliyetaka habari za bara hakulazimika kwenda bara, kwa kuwa waliokwenda na kurudi alikuwa nao mji mmoja. Erhardt akawauliza njia zao, vituo vyao, siku zao, na mwisho wa safari.

Njia zilizosimuliwa zilikuwa tatu kubwa. Ya kaskazini ilianzia Tanga na Pangani. Ya kati ilipanda kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Ya kusini ilianzia Kilwa. Zote, kwa maneno ya waliozipita, ziliishia kwenye maji makubwa. Leo tunajua ni maji matatu: Nyanza tunayoiita Ziwa Viktoria, Tanganyika, na Nyasa. Erhardt na Rebmann walizichora njia zote tatu, wakaona kila moja inagota majini, wakaunganisha ncha zake. Konokono akazaliwa.

Sababu ya kwanza ya kosa ni lugha. Nyasa, nyanza na nyanja ni maneno ndugu katika lugha za Kibantu, na yote maana yake ni maji mapana. Mtu wa njia ya Kilwa akisema amefika Nyasa, na mwingine akasema kaskazini kuna Nyanza, mgeni mwenye daftari anasikia jina moja lenye matamshi mawili. Kumbe hakuna aliyetaja jina. Kila mmoja amesema tu, kwa lugha ya wenyeji wa huko, kwamba amefika ziwani.

Sababu ya pili ni siku. Msafara hupimwa kwa siku, ilhali ramani hutaka maili. Mpagazi aliyebeba frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, huenda kilomita 15 hadi 20 kwa siku njia ikiwa nzuri. Siku za kupumzika, siku za kungoja mto upungue na siku za kujadiliana hongo, yaani ushuru wa kupita nchi ya watu, huingia kwenye hesabu bila kutajwa. Halafu njia ya miguu haiendi kama kamba iliyovutwa. Chukua siku 90 za mwendo kwa kilomita 15 kila siku: ni kilomita 1,350. Umbali wa moja kwa moja kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni zaidi kidogo tu ya kilomita 1,000. Mchoraji asiyepunguza robo ya hesabu kwa ajili ya mizunguko ya njia analisukuma ziwa mbali. Anayepunguza mno analivuta karibu.

Ya tatu ni uelekeo. Msafiri anasema, "Jua linapotua, upande wa kulia kidogo." Kidogo kiasi gani? Ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu katika safari ya kilomita 1,000, mwisho wake unaangukia kilomita 175 kaskazini au kusini ya mahali halisi. Changanya kosa hilo na lile la siku, na maziwa matatu yaliyo mbalimbali yanaweza kusogezwa hadi yakagusana bila mtu yeyote kusema uongo.

Kuna la nne, na mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Masimulizi ya misafara hufuata njia. Nafasi iliyo kati ya njia moja na nyingine haina msimulizi. Ukitazama ramani yoyote iliyotokana na masimulizi, jiulize ni wapi mchoraji alikuwa na mtu wa kumwambia, na ni wapi alikuwa na kalamu tu.

Ramani hiyo ilizua ubishi mkali Ulaya, na ubishi ukazaa safari. Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika pwani hii mwanzoni mwa 1857, wakapita Tanga na Pangani na kupanda hadi Fuga, Usambara. Mwezi Juni wakaondokea Kaole, karibu na Bagamoyo, kuelekea bara. Tarehe 13 Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika, karibu na Ujiji. Baadaye Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyezijua lugha na watu, alikwenda kaskazini kutoka Tabora, na mwanzoni mwa Agosti akaiona Nyanza karibu na Mwanza. Konokono akakatika vipande.

Usidhani kupima kwa vifaa kulimaliza makosa. Kulibadilisha aina yake. Ili kujua mwinuko wa mahali, wasafiri wale walichemsha maji na kusoma kipimajoto. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Maana yake ni kwamba kipimajoto kilichopotoka kwa nusu ya nyuzi kinakudanganya mita 150. Tanganyika ilipata kwao mwinuko wa chini ya futi 1,900, wakati ni zaidi ya futi 2,500. Kwa Nyanza jibu lilikaribia sana mita 1,134 tunazozijua leo. Njia ileile ya kupima ilitoa jibu moja bovu na moja zuri, na kwenye ramani yote mawili yamechapwa kwa herufi zilezile, kwa uhakika uleule.

Nahodha, kibao na uzi

Kabla ya karatasi za Ulaya, bahari hii ilikuwa na elimu yake. Neno ramani lenyewe linahusishwa na rahmani, vitabu vya mabaharia wa Bahari ya Hindi vilivyoeleza njia, nyota, misimu ya pepo, alama za nchi kavu na mafungu ya kuogopwa. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya kionyesha njia. Kwa hiyo ramani ya kwanza ya pwani yetu ilikuwa maandishi ya kusomwa au kukaririwa. Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika katika karne ya 15, alitunga hata shairi zima la njia ya kwenda Sofala. Husemwa mara nyingi kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India. Ushahidi wa karibu na tukio unamtaja rubani wa Kigujarati, na hadithi ya Ibn Majid ilikuja baadaye.

Latitudo, yaani umbali wa mahali kaskazini au kusini ya ikweta, ilipimwa kwa kamali: kibao cha pembe nne chenye uzi katikati, na uzi huo una mafundo. Nahodha aliuma uzi, akakisogeza kibao mbele ya jicho hadi ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na ukingo wa juu uguse nyota. Fundo lililokuwa menoni ndilo lililotaja mahali. Hesabu ilikuwa kwa vidole, isba, na kila kidole kilikuwa zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Huku kwetu kulikuwa na tatizo: nyota ya kaskazini haionekani kusini ya ikweta, na Tanga iko nyuzi 5 na dakika 4 kusini. Mabaharia wakageukia nyota za Dubu Mkubwa, ambazo Waarabu huziita Na'sh. Kamali ilikuwa kifaa kizuri cha kumrudisha nahodha kwenye bandari aliyoijua, kwa sababu alihitaji kulifikia fundo lilelile tu. Kwa mtu aliyetaka kuchora pwani nzima kwenye karatasi haikutosha.

Huko Aleksandria, miaka 1,300 kabla ya Ibn Majid, mwanajiografia Ptolemy alikuwa ameorodhesha mahali kwa latitudo na longitudo (umbali wa mashariki au magharibi), na miongoni mwake mji wa Rhapta wa pwani hii. Wako wanaouweka Pangani na wako wanaouweka delta ya Rufiji. Kazi yake ilipochapwa pamoja na ramani, Bologna mwaka 1477, Wazungu waliichukua Milima ya Mwezi na maziwa yake mawili yanayolisha Nile wakavibeba kwa karne tatu. Al-Idrisi naye, Palermo mwaka 1154, alichora dunia akiiweka kusini juu. Ukiona nakala yake usidhani imepachikwa kichwa chini. Kaskazini kuwa juu ni desturi tu.

Majina yaliyogandia

Mwezi Aprili 1498 merikebu ya Kireno São Rafael ilikwama kwenye mafungu karibu na Mtangata, tunapopaita Tongoni, kusini ya mji wa Tanga. Ilinasuliwa, lakini Januari 1499, wakirudi na mabaharia wachache, Wareno waliichoma moto palepale. Mafungu yakapewa jina la merikebu hiyo, na milima iliyoonekana nyuma yake, Usambara yetu, ikaitwa Milima ya São Rafael. Jina la mahali kwenye ramani ya kale mara nyingi ni la aliyepita baharini, na linakuambia alichokiona akiwa sitahani. Ndiyo maana ramani za karne ya 16 na 17 zina pwani iliyojaa maandishi na bara lililojaa mapambo. Ortelius wa Antwerp, mwaka 1570, na Blaeu wa Amsterdam baada yake, walijaza bara kwa maziwa ya Ptolemy, ndovu na falme zilizosikika kwa mbali. Kati ya hizo imo Monemugi, ambayo wengi wanaihusisha na Wanyamwezi.

Mfaransa d'Anville alikuja na uamuzi wa kiungwana mwaka 1749: asichokuwa na ushahidi nacho, asikichore. Afrika yake ina weupe mkubwa katikati. Weupe huo ulikuwa uaminifu, na nauheshimu kuliko ndovu wote wa Blaeu. Lakini vizazi vilivyofuata vya Ulaya viliusoma vingine, vikaona mahali patupu, pasipo na mwenyewe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mstari kutoka mdomo wa mto Umba, kaskazini ya Tanga, kupitia Ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro kwa kaskazini hadi Nyanza kwenye nyuzi 1 kusini. Hadithi kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Mjerumani mlima huo ni ya kubuni. Mpindo wa mpaka ulitokana na mapatano ya serikali mbili, Kilimanjaro upande mmoja na Mombasa upande wa pili.

Namba zinazopotosha macho

Mtu akifungua ramani ya karne ya 18 akaikuta Bagamoyo kwenye longitudo ya 56 au 57, husema mchoraji alikosea. Angalia kwanza alianzia kuhesabu wapi. Greenwich ilikubaliwa kuwa mwanzo mwaka 1884 tu, na hata baada ya hapo si wote walioifuata mara moja. Wengi walihesabu kutoka kisiwa cha Ferro katika Kanari, nyuzi 17 na dakika 40 magharibi ya Greenwich. Wafaransa walihesabu pia kutoka Paris, nyuzi 2 na dakika 20 mashariki yake. Bagamoyo iko nyuzi 38 na dakika 54 kutoka Greenwich. Ongeza za Ferro, unapata 56 na dakika 34. Kwa Paris ondoa, unapata 36 na dakika 34. Kinachobaki baada ya hesabu hiyo ndicho kosa la mchoraji.

Na kosa la longitudo lilikuwa kubwa kwa sababu longitudo ni saa. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Saa ya melini ikichelewa kwa dakika 4, huku karibu na ikweta umepotea kilomita 111. Latitudo haikuhitaji saa, ila jua la adhuhuri au nyota. Kwa hiyo kwenye ramani nyingi za kabla ya saa sahihi za baharini za John Harrison, za katikati ya karne ya 18, Tanga inaweza kukaa sawa kwa kaskazini na kusini, lakini ikasogea vibaya mashariki au magharibi.

Ramani za bahari zina mtego wake. Waingereza walipoanza kuipima pwani hii kwa utaratibu, chini ya Kapteni William Owen kati ya 1822 na 1826, kina kiliandikwa kwa pima. Pima ni futi 6, mita 1.83. Tarakimu 7 ni karibu mita 13, na 1 yenye 3 ndogo pembeni ni pima 1 na futi 3. Anayeisoma kana kwamba ni mita hukosea karibu mara mbili. Tena kina huhesabiwa kutoka maji yakiwa yametoka sana. Hapa Tanga maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, hivyo fungu lililoandikwa kina kidogo hupitika kwa saa kadhaa maji yakijaa na kukwamisha chombo yakitoka. Na usiendeshe chombo kwa ramani ya aina hiyo, hata kama ni nzuri kiasi gani. Mafungu yanahama.

Kuijua umri wake

Ramani nyingi za kuuzwa hazina mwaka. Kanuni ni moja: ramani haiwezi kuwa ya zamani kuliko jambo jipya kabisa inaloonyesha. Kwa Tanga na Bagamoyo alama zetu ni nzuri. Ukanda mwembamba wa maili 10 kando ya pwani, uliopakwa rangi ya Sultani wa Zanzibar huku bara likiwa la Wajerumani, unataja miaka ya 1886 hadi 1890, kwa kuwa mwaka 1890 Sultani aliuachia ukanda huo kwa malipo ya marki milioni 4. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893. Ikiishia Korogwe, tazama 1902 na kidogo baada yake. Mombo ni 1905. Ikifika Moshi, ramani si ya kabla ya 1911. Lushoto ikiandikwa Wilhelmstal na Rwanda na Burundi zikiwa ndani ya mpaka, unashika karatasi ya enzi ya Wajerumani. Jina Tanganyika likiwa la nchi, na si la ziwa tu, ni 1920 au baadaye.

Tahajia nayo inasaidia. Mjerumani huandika Bagamojo, Moschi, Muansa, Sansibar, Kilimandscharo, na nchi huitwa kwa watu wake: Usegua, Udoe, Ukwere, Usaramo. Karatasi bora za enzi hiyo ni za kipimio cha 1:300,000 zilizotolewa na Dietrich Reimer wa Berlin. Sentimita moja ni kilomita 3, hivyo Tanga na Bagamoyo, zilizo karibu kilomita 153 kwa mstari wa moja kwa moja, zingekuwa sentimita 51 mbalimbali. Uzuri wake uko kwenye njia za wasafiri. Kando ya njia milima imechorwa kwa makini. Ukiondoka njiani, vilima vinafifia na mito inakuwa ya nukta nukta. Mchoraji anakiri kwa nukta zile kwamba hapo hakufika.

Jihadhari na tofauti ya umri wa mchoro na umri wa chapa. Bamba la shaba lilichongwa kinyume kwa patasi ndogo, likapakwa wino, likafutwa hadi wino ubaki kwenye mifereji tu, kisha likabanwa juu ya karatasi yenye unyevu. Bamba moja liliweza kutumika kwa miaka mingi likibadilisha wamiliki. Likihitaji kusahihishwa, mchongaji aligonga mgongo wa bamba kwa nyundo, akasawazisha uso na kuchonga upya. Mara nyingine kivuli cha herufi za zamani hubaki chini ya mpya. Kitafute kwa kioo cha kukuzia, maana kinasimulia lini habari mpya ilimfikia mchapaji.

Kujua kama ni chapa ya kweli au nakala ya juzi, anza na kioo hicho, kinachokuza mara 10. Rangi ikiwa ni vidoti vya samawati, wekundu, manjano na nyeusi vilivyopangwa kwa mistari, ni chapa ya kisasa, hata kama karatasi imechovywa kwenye chai ili ionekane kuukuu. Chapa ya bamba la shaba ina mchirizi wa kubonyea unaozunguka mchoro kwa nje ya mstari wa mpaka. Upapase kwa kidole. Usipokuwapo, huenda kingo zimekatwa, au ni chapa ya jiwe, ambayo ilienea katika karne ya 19 na haiachi mbonyeo. Inua karatasi kwenye mwanga. Ya kabla ya miaka ya 1750 itaonyesha mistari myembamba iliyosongamana, ikikatwa na mistari iliyo mbali kwa sentimita mbili na nusu hivi, pengine na alama ya kiwanda. Geuza nyuma. Kijani cha kale kilichotengenezwa kwa kutu ya shaba hula karatasi na kuacha kahawia upande wa pili. Maandishi ya Kilatini au Kifaransa nyuma na kunjo la katikati yanaonyesha karatasi imetolewa kwenye atlasi.

Kuitunza kwenye hewa ya chumvi

Karatasi ya kabla ya 1850 hivi ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na hudumu. Iliyofuata ni ya miti, ina asidi ndani yake, inageuka njano na kukatika kwenye kunjo. Kwa hiyo karatasi ya Kijerumani ya 1900 inaweza kuhitaji uangalizi mkubwa kuliko ile ya 1700.

Adui wa kwanza hapa ni unyevu. Kuvu huanza kuota hewa inapozidi unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na pwani yetu huvuka hapo mara kwa mara. Hifadhi nzuri ni kati ya 45 na 55, lakini utulivu ni bora kuliko namba nzuri. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni huifanya karatasi ivutike na kusinyaa kila siku, na hilo huharibu kuliko chumba chenye joto la wastani kisichobadilika. Usiiviringe na kuifungia ndani ya paipu ya plastiki. Watu wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na unyevu ulioingia nayo hautoki tena. Ilaze ndani ya jalada la karatasi isiyo na asidi, kwenye droo iliyoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa wasiifikie kirahisi. Ikague kabla ya masika na tena yakiisha.

Ukitaka kuitundika, weka kadibodi isiyo na asidi ya milimita 2 hadi 4 kuzunguka mchoro ili kioo kisiiguse, kwani jasho la kioo huigandisha. Ukuta wa matumbawe na chokaa unaotazama bahari hunyonya chumvi, hivyo tumia ukuta wa ndani na uache sentimita moja au mbili za hewa nyuma ya fremu kwa vipande vya kizibo laini cha chupa. Mwanga wa jua usiifikie hata kwa saa moja ya asubuhi. Selotepu, hapana: gundi yake huzama, hugeuka kahawia, na kuitoa ni kazi ya mtaalamu. Kuibandika plastiki ya moto ni kuizika. Pachika palipochanika kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na ubandiko wa wanga wa ngano, na kama hujawahi kufanya hivyo, fanya mazoezi kwenye karatasi isiyo na thamani.

Kuilaza juu ya ramani ya leo

Huhitaji kumiliki ramani ili uifanyie kazi. Mikusanyiko kama wa David Rumsey huko Stanford inatoa picha kubwa bure, na Idara ya Upimaji na Ramani inauza karatasi za 1:50,000 za kulinganishia. Piga skani kwa nukta 400 kwa inchi, fungua QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, na kwa zana yake ya kufunga picha kwenye viwianishi (namba za latitudo na longitudo) chagua angalau alama 10 zilizotawanyika. Nne zinatosha kuendesha hesabu, ila hazikuonyeshi kosa lilipo. Kwa karatasi ya 1:300,000, milimita moja ni mita 300, hivyo usitafute usahihi zaidi ya hapo. Alama zote zikisogea mita 300 hivi kuelekea upande mmoja, kaskazini au kusini, unapotumia karatasi za 1:50,000, usiilaumu ramani. Karatasi hizo ziko kwenye mfumo wa zamani wa viwianishi, Arc 1960, na programu yako imedhani ni WGS84, ule unaotumiwa na GPS.

Chagua kilele cha mlima, Boma la zamani, kanisa la misheni ya Bagamoyo, makutano ya reli. Acha midomo ya Pangani, Wami na Ruvu, kwa sababu mito hiyo hubadilisha njia. Acha pia ukingo wa maji: Kaole mikoko imeujaza mlango wa bandari ya kale na kuiacha misikiti mbali na bahari, wakati Tongoni bahari inakula nchi kuelekea makaburini. Ukiifunga ramani kwa ukingo huo, programu itaipinda hadi mabadiliko hayo mawili yapotee, na hayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta.